Tanuru la Makapi na Jina la Chacha

Hakuna aliyeniomba niandike haya. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilibembelezwa. Nimefunga kibanda changu hapa Migori baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kupiga bati, na mikono iliyozoea nyundo haijui kukaa bure, kwa hiyo imeshika kalamu. Nawaandikia nyinyi mafundi wachanga wa jua kali, hasa mliobaki kwenye mstari wetu wa vibanda nyuma ya soko. Shule niliiacha darasa la nne. Mkiona kosa la uandishi, sahihisheni nyinyi mliosoma. Kosa la kazi nitalisema mwenyewe.

Sitaeleza nilipata nini wala nyumba yangu ina vyumba vingapi. Hayo majirani wameshayahesabu, na majirani huwa hawakosei sana. Nitaeleza kazi, na nitaeleza jina moja ambalo sikuliandika mahali lilipotakiwa kuandikwa.

Nilitoka kwetu Ndhiwa juu ya lori la miwa nikashukia Migori nikitafuta kazi yoyote isiyo ya jembe. Wakati huo kulikuwa na mzee mmoja wa Pwani, Mzee Salim, aliyekuwa na karakana ya bati: ndoo, karai, koroboi, mifereji ya maji ya mvua. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, na mtu wa kelele kati ya sala na sala. Nilimkuta ameketi juu ya kipande cha reli alichokitumia kama fuawe.

"Unajua kupiga bati?" akaniuliza.

"Najua."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nitajua leo."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akanipa kazi, lakini nyundo hakunipa. Miezi mingi ile ya kwanza nilikuwa mshikaji. Nawaelezeni maana yake, kwa sababu siku hizi mna mashine za kukunja na hamjui tena. Bati kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika na mwingine hupiga. Anayeshika ndiye anayelisikia bati. Anajua linataka kwenda wapi kabla halijaenda. Lakini sheria ya karakana ilikuwa moja, nayo Mzee Salim aliirudia kama aya: mwenye nyundo ndiye mwenye kazi. Ndoo ikivuja, anatukanwa mpigaji. Ndoo ikisifiwa, anasifiwa mpigaji. Mshikaji hana lawama na hana sifa. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kesho nyundo ilihamia mkono mwingine.

Namna yake ya kukagua kazi ilikuwa ya ukatili. Alijaza ndoo maji, akaiweka juu ya gazeti kavu, akaenda kusali. Akirudi akikuta gazeti lina doa dogo kama jicho la kuku, ndoo nzima inafumuliwa. Nilifumua ndoo nyingi. Kiswahili changu hiki pia nilikipata hapo, maana kila nilipokosea neno alilifumua vilevile.

Mwaka wa pili alikuja kijana wa Kikuria kutoka Kehancha, mtoto wa mkulima wa tumbaku, jina lake Chacha. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili na mfupi kwangu kwa kichwa kizima. Mzee Salim akatuweka pamoja, kwa makusudi nadhani, Mjaluo na Mkuria, aone nani atamla mwenzake.

"Wewe mla miiba," Chacha aliniambia siku ya kwanza, "ukikohoa kichwani pangu mwiba wa samaki utanitoboa."

"Inama basi upite chini yake," nikamjibu. "Huna mbali pa kwenda."

Tulianza hivyo na tukaendelea hivyo. Mzee Salim alipozeeka na kurudi kwao Pwani, alituachia kile kipande cha reli. Tukachukua vibanda viwili vilivyopakana, tukaondoa ukuta wa katikati, reli tukaiweka mpakani. Asubuhi yeye alinishikia mimi, alasiri mimi nikamshikia yeye. Wateja walikuja wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" na sisi tukajibu pamoja, "Yuko hapa." Mimi na mke wangu hatukuwahi kuelewana kwa maneno machache namna ile, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilisema hilo mwenyewe.

Sasa kazi ngumu.

Alikuja mama mmoja kutoka Homa Bay, Mama Akinyi, mkaushaji wa samaki. Alikausha mbuta kwa moshi, na mgongo wazi pia, yaani ile mifupa inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyefiwa jana. Alitua gunia mbele yetu akalimwaga. Yalikuwa makapi ya miwa, yale yanayobaki muwa ukishakamuliwa.

"Kuni sasa zinatoka mbali mpaka naona aibu kuzichoma," alisema. "Huku kwenye miwa haya yanatupwa. Nitengenezeeni tanuru linaloyala."

"Mama, makapi yanawaka kama karatasi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimeleta kwa mafundi. Kama ingekuwa rahisi ningemwambia mume wangu."

Lilituchukua misimu miwili ya mvua. Makapi yana tabia mbaya: yanalipuka mara moja, kisha yanajikandamiza, yanakosa hewa, yanatoa moshi mchungu. Tulijaribu pipa refu, pipa fupi, wavu wa nondo chini, bomba juu. Jaribio moja lilitoa samaki weusi waliokunjamana. Mama Akinyi akamwinua mmoja kwa mkia, akanigeukia mimi.

"Okeyo, huyu nitamuuzia nani? Fundi viatu?"

Tuliona kwamba ndani ya pipa panatakiwa pete ya bati yenye matundu ya kupitishia hewa. Hiyo pete niliifikiria mimi, na sitaki mtu aninyang'anye. Lakini matundu yakipigwa wima, moto ulibaki ule ule wa wazimu. Siku moja tulikuwa tunatoboa pete ya nane au ya tisa, tindo na nyundo mikononi mwangu, Chacha ameshika. Ghafla akaiinamisha pete.

"Isimamishe," nikamwambia.

"Hapana. Piga hivi hivi, ikiwa imelala."

"Tundu litainama."

"Ndiyo nataka liiname. Kwenye banda la baba la kukaushia tumbaku kuna ufa umekaa upande. Upepo ukiingia pale hauendi moja kwa moja, unazunguka ukuta kama ng'ombe anatafuta mlango. Moto huu unataka kuzungushwa."

"Ukiharibu bati langu..."

"Piga, mla miiba!"

Nikapiga. Tulipowasha, hewa iliingia kwa upande, moto ukaanza kuzunguka ndani ya pete, ukashuka polepole kutoka juu ya makapi kwenda chini. Moshi ukawa mwembamba. Hatukushangilia. Tulikaa chini tukautazama mpaka gunia lote likawa majivu, na samaki wa Mama Akinyi wakatoka rangi ya asali. Yeye ndiye aliyepiga vigelegele, peke yake, sisi wawili tumekaa kama wajinga.

Habari ilitembea. Tulipeleka matanuru ufuoni, mafundi wengine wakaja kutazama, tukawaonyesha. Jua kali ilikuwa hivyo. Ukimficha mwenzako kazi, kesho utamwomba patasi kwa mdomo gani?

Mwaka ulipokaribia kuisha tangu tanuru lile la kwanza, kukawa na maonyesho ya kilimo, na mama mmoja kutoka ofisi ya hataza Nairobi akasimama mbele ya tanuru letu. Nilikuwa peke yangu. Chacha alikuwa amekwenda kwao kumsaidia baba yake kuvuna tumbaku.

"Mzee, hii umewaonyesha watu tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu masika yaliyopita. Ni tanuru, si siri ya jeshi."

"Mwaka ukipita tangu uionyeshe, hupati tena hataza. Na mtu mwenye pesa anaweza kuitengeneza kwa maelfu bila kukutambua. Nikusaidie kuandikisha wiki hii?"

Nilimwambia anieleze hataza kama anavyomweleza mtoto. Akanieleza, na nawapa nyinyi kama nilivyoelewa. Unaiambia serikali siri yako yote, bila kubakiza, kwa maneno ambayo fundi mwingine akisoma ataweza kutengeneza. Nayo serikali inakupa miaka ishirini ambayo hakuna mtu Kenya atatengeneza kitu hicho cha kuuza bila ruhusa yako. Miaka ikiisha, ni cha wote. Nikaona ni mapatano ya ajabu: unakilinda kitu kwa kukianika. Lakini niliyapenda. Mtu wa darasa la nne kuandikwa na serikali kwamba amewaza jambo ambalo hakuna mwingine amewahi kuliwaza, hilo lilinipanda kichwani kuliko pombe yoyote.

Alikuja kibandani siku ya tatu na fomu. Mimi nilisema kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kiingereza, kisha akanisomea alichoandika kwa Kiswahili tena. Tanuru letu lilikuwa limegeuka kuwa "kifaa cha kuchomea mabaki ya mimea chenye pete ya ndani iliyotobolewa kwa mwinamo." Nililitazama pale lilipo ili nihakikishe ni lenyewe. Kisha akafika mahali pa jina.

"Mbunifu ni nani?"

"Mimi."

"Peke yako? Pana nafasi ya majina mengine."

Nilitazama upande wa pili wa reli. Aproni ya Chacha ilikuwa inaning'inia kwenye msumari.

"Nyundo ilikuwa yangu," nikasema.

Yule mama hakujua maana ya jibu hilo. Akaandika jina moja. Mimi nilijua. Sitajificha nyuma ya sheria ya Mzee Salim. Sheria ile ilikuwa ya ndoo. Ule mwinamo, ambao ndio roho ya hati yote, ulitoka kwenye mkono ulioshika.

Chacha aliporudi nilimwambia siku ile ile. Woga wa kumficha sikuwa nao bado. "Nimeandikisha tanuru."

"Vizuri. Umeandika jina la nani?"

"Mimi. Ni karatasi tu."

Alivaa aproni yake, akafunga kamba polepole. "Sawa," akasema. "Nyundo ilikuwa yako." Akashika upande wake wa bati, tukaendelea na mfereji wa kanisa. Nilifurahi kwamba mambo yameisha. Nyinyi mnaosoma, mwenzenu akiwaambia "sawa" kwa sauti ile, wekeni kazi chini muulizane siku hiyo hiyo.

Hati ilichukua miaka kufika. Ilipofika niliitia kioo nikaitundika juu kwenye nguzo ya kibanda. Chacha ndiye aliyenishikia kiti nikipanda.

Baadaye baba yake alifariki, naye akarudi Kehancha kushika boma. Alifungua kibanda kule, akaanza kutengeneza tanuru letu kwa ajili ya mabanda ya tumbaku. Nyinyi mliofika kule mnajua kiasi cha miti inayoingia kwenye banda moja la tumbaku. Alilikuza tanuru, akalifanya liweze kula mabua ya mahindi, akanieleza kwenye simu kila Jumapili baada ya kanisa jinsi alivyolibadilisha. Nilikuwa nacheka nikiandika vipimo kwenye kiganja. Zilikuwa Jumapili nzuri.

Kisha wakaja watu wa kampuni kutoka Nairobi. Siwataji, na kampuni yenyewe imeshakufa. Walikuwa na nia njema, wengi wao, na walikuja kwa sababu ya ile hati. Bila hati wasingenijua. Walitaka kutengeneza matanuru mengi kwa mashine na kuyapeleka kwenye fuo zote za Homa Bay na kwingine. Tukatia sahihi mkataba wa ruhusa. Mwanasheria wao, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mzee, hatuwezi kushindana na kila fundi anayelitengeneza bila ruhusa. Tuwaandikie waache." Akaleta orodha ya mafundi saba, na barua saba, chini ya kila moja nafasi ya sahihi yangu.

Jina la sita lilikuwa la Chacha.

"Kuna yeyote humu mwenye haki ya kutengeneza?" kijana akauliza. "Kama yupo, tunamtoa tu."

Hapo ndipo maisha yangu ya kazi yalipokaa kwenye ncha. Ilikuwa neno moja, yupo. Lakini akiniuliza kwa nini yupo, ingenibidi niseme kwamba mwinamo ulikuwa wake, na kwamba hati iliyo kwenye kioo juu ya kichwa chake ina uongo ndani. Niliitazama ile karatasi. Nikaona bora Chacha akasirike kuliko mimi nichekwe.

"Sheria ni sheria," nikasema. Nikatia sahihi zote saba. Msije mkasema labda mzee hakusoma vizuri. Nilisoma.

Chacha hakungoja Jumapili.

"Okeyo, nimepata barua."

"Ndiyo."

"Umeisoma kabla ya kutia sahihi?"

"Niliisoma."

"Mpaka mwisho? Jina langu uliliona?"

"Niliona."

Nikasikia kuku wa kwake. "Basi sawa," akasema. "Nilitaka tu kujua kama walikudanganya."

Alikuwa amenifungulia mlango nitoke. Ningesema, walinidanganya, ndugu yangu, sikujua, angeniamini au angejifanya ameniamini. Sikusema. Kiburi si kitu cha kulipuka, nimejifunza. Kinakaa kimya kama tope ndani ya bomba.

Aliacha kutengeneza siku hiyo. Watu wa kwake walimshauri avuke Isebania akatengenezee upande wa Tanzania, maana hati yangu ni ya Kenya na nguvu yake inakomea mpakani kama ng'ombe asiye na kibali. Mafundi wa upande ule walikuwa wakilitengeneza waziwazi, na walifanya vizuri. Yeye akakataa. Aliyenisimulia alikuwa muuza vyuma anayezunguka kote. Alisema Chacha alimjibu hivi: "Siwezi kuvuka mpaka kwenda kutengeneza kitu changu mwenyewe." Basi ikawa kwamba kilomita chache tu ng'ambo wanachoma mabua na makapi, na huku kwetu, kwa mwenye hati, wanakata miti.

Matanuru ya kampuni yalikuwa mazuri kwa macho, lakini bati lilikuwa jembamba, na pete ndicho kitu cha kwanza kuungua. Kampuni ilipoondoka hapakuwa na wa kuzibadilisha. Mama Akinyi alikuja mpaka Migori, amezeeka, macho yamerudia ule wekundu.

"Okeyo, tanuru limekufa."

"Si ulipeleke kwa fundi wa hapo ufuoni? Ni pete tu."

"Amekataa kuligusa. Anasema hilo ni tanuru la barua."

Nilimtengenezea pete. Lakini fuo ni nyingi na mimi ni mmoja. Wengi walirudia kuni.

Na hapa kwenye mstari wetu, nyinyi wenyewe mnakumbuka, ingawa mtajifanya hamkumbuki. Nikipita, mlikuwa mnafunika kazi kwa gunia. Nikisimama kuomba msasa, mnanipa haraka, kwa heshima nyingi, mpaka nikaacha kuomba. Hakuna aliyenitukana. Laiti mngenitukana. Chai ya saa nne ilikuwa inanywewa pale kwa mchomeleaji vyuma. Kicheko kilifika kwangu, kikombe hakikufika. Upande wa pili wa reli nilisimamisha tena ule ukuta, maana upepo ulikuwa unapita.

Bati kubwa bado lilitaka kushikwa. Basi nikatengeneza mkono wa chuma: nguzo mbili, skrubu ya jeki ya gari, taya mbili zenye mpira wa tairi ili zisikwaruze. Ni kifaa kizuri, njooni mkitazame, na hakina hataza. Kinashika kutwa nzima hakichoki, hakina miiba ya maneno, hakiombi tubadilishane. Nilifanya kazi nacho miaka kumi na moja. Katika miaka yote hiyo hakikuinama hata mara moja kuniambia nipige kwa namna nyingine, na mimi katika miaka hiyo sikubuni kitu.

Macho yalipoanza kuniacha niliamua kufunga. Kabla ya kufunga nilipiga simu ile ofisi ya Nairobi. Alipokea mtu mwingine. Nikamuuliza kama jina la mbunifu lililoachwa linaweza kuongezwa. Alisema linaweza, tukiomba wote wawili na wote tukitia sahihi. Nikamuuliza la pili: mwenye hati anaweza kuruhusu kila mtu atengeneze bila kuomba? Akasema, "Mzee, ruhusa ni yako tangu mwanzo. Unaweza kuitoa bure hata leo." Tangu mwanzo. Ningeweza kuilinda dhidi ya mwenye mashine na kumwachia mwenye nyundo, kwa kalamu ile ile. Hati haikunikataza. Mwenzangu mmoja kanisani huilaumu hati, ati ni mambo ya wazungu. Namwambia aiache. Karatasi haikutia sahihi zile barua saba.

Nilikwenda Kehancha na karatasi mbili ndani ya bahasha. Chacha nilimkuta kibandani kwake akifunga tangi la maji na wakwe zake wawili. Alinyooka, akapangusa mikono, akanipa mkono. Mkewe, Robi, alileta kiti kile cha wageni chenye kitambaa.

"Karibu, mzee," Chacha akasema.

Mimi ni mdogo wake kwa miaka miwili. Nilikaa.

Tulikula ugali na kuku, tukaongea mvua, tukaongea nani amekufa. Mwishowe nikatoa bahasha. "Nimekuja kuandika jina lako."

Alivaa miwani, akasoma polepole. "Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Hata wakati ule ilikuwa kweli."

"Ndiyo."

"Nyundo ilikuwa yako."

"Nyundo ilikuwa yangu, na pete ilikuwa yangu. Mwinamo ulikuwa wako. Bila mwinamo ni pipa."

Robi alikuwa anakusanya sahani. Akasimama. Chacha hakunitazama mimi, alimtazama yeye. "Sema tena," akaniambia, "huyu asikie. Miaka mingi amekuwa akidhani nilijisifu."

Nikasema tena, kwa sauti, na wale wakwe wakasikia. Hilo lilikuwa gumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na lilichukua muda mfupi kuliko kukunja ukingo wa karai.

Karatasi ya pili ilikuwa ile ruhusa: fundi yeyote, mahali popote, atengeneze, abadilishe, auze, asiulize mtu. Nilimwambia nataka tuiandike kama wenye hati wawili. Aliisoma mara mbili, akaitia sahihi hiyo kwanza. Ya jina lake aliitia baadaye, kama mtu anayepokea chenji.

Alinisindikiza mpaka stendi, kama mgeni anavyosindikizwa. Tulitembea bila utani.

"Utakuja Migori siku moja?" nikamuuliza.

"Mungu akipenda, mzee."

Hati mpya ilikuja na majina mawili. Nakala ya ruhusa nimeibandika kwenye mlango wa kibanda changu kilichofungwa, na nyingine nimempelekea yule fundi wa ufuoni. Mama Akinyi amenipigia akasema fundi huyo amekubali kuligusa tanuru. Basi mafundi, tanuru ni lenu. Chukueni vipimo, na pete ifanyeni ya bati nene. Na siku mtakapobuni cha kwenu, nendeni mkaandikishe mapema, msiogope, ila kabla ya kutaja mbunifu mwiteni aliyeshika bati awepo pale, asikie kwa masikio yake mnavyojibu.

Chacha nilimtumia nakala ya hati mpya kwa gari. Baada ya wiki moja nilimpigia.

"Imefika?"

"Imefika."

"Jina liko sawa?"

"Liko sawa. Herufi zote zipo." Nikangoja. Upande wake palikuwa na watu, mtu akiuliza kipimo, mwingine akicheka. "Kuna kazi hapa," akasema.

Lakini simu hakuikata. Sijui alisahau, sijui aliiacha makusudi. Niliisikia ikiwekwa juu ya kitu cha chuma. Kisha nyundo zikaanza. Tundu la wima lina mlio wake, na tundu la kuinama lina mlio wake, mzito zaidi, unaoburuta kidogo mwishoni. Walikuwa wanatoboa pete. Nilikaa kwenye kiti changu hapa, nyumba kimya, simu sikioni, nikahesabu matundu, nikisikia alipokosea mmoja na Chacha akimkaripia kwa Kikuria. Nilisikiliza mpaka salio langu likaisha.